Nguvu za Kiume Haziuzwi kwa Chupa



Safari hii tumeamua kugusa jambo ambalo wanaume wengi hulizungumza kwa mzaha tu, tena wakiwa wamekwisha kunywa chupa mbili tatu. Mzaha ukiisha, kila mmoja hurudi nyumbani na lake moyoni. Tunasema juu ya nguvu za kiume: kwa nini zinapungua, na jinsi chakula chetu na mwendo wa miili yetu unavyozishika au kuziangusha. Wenzetu wa viwandani hapa Bujumbura, na wa mashamba pia, walituomba tuliandike jambo hili waziwazi. Akina mama watatuwia radhi kwa maneno mengine, ingawa tunaamini wao ndio watakaousoma ukurasa huu kwa makini kuliko sisi.

Tuanzie sokoni. Siku ya mshahara pita Buyenzi, kando ya soko la Ruvumera. Utamkuta mtu amesimama na mkoba wa chupa ndogo, vipakiti vya unga na mizizi iliyofungwa kwa uzi. Kwa sauti kubwa anatangaza dawa ya tumbo, ya mgongo na ya minyoo. Halafu anashusha sauti, na hapo ndipo wateja wanapomkaribia. Tumewaona wenzetu wakitoa faranga za maharage ya juma zima kwa chupa isiyo na jina la mtengenezaji wala tarehe. Hatuwacheki. Mtu mwenye aibu hununua gizani, na anunuaye gizani hachagui.

Mwenzetu mmoja, fundi wa mitambo mwenye miaka 47, ametukubalia tusimulie yake bila kutaja jina lake wala kiwanda chake. Kwa muda wa mwaka mzima alijiona amepungua. Akaanza kuomba zamu za usiku hata zisizokuwa zake, ili asilale nyumbani. Mke wake akadhani amepata mwanamke mwingine, na nyumba ikaingia baridi. Naye akanunua chupa ya kwanza, akanunua ya pili. Ya tatu ilimletea maumivu makali ya kichwa na moyo kwenda mbio, akaogopa, akaenda kituo cha afya. Alikwenda kwa sababu ya kichwa, si kwa sababu ya lile jambo.

Muuguzi aliyempokea alikuwa kijana wa rika la mwanawe. Akampima presha, akakuta 170 kwa 105. Akampima sukari, nayo ikawa juu. Kisha akamwuliza taratibu:

"Mzee, na nyumbani je, mambo ya ndoa yanakwenda?"

Fundi anasema aliutazama ukuta kwa muda mrefu. "Mwanangu, hayaendi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Basi, mzee, mwili umekuwa ukikuambia tangu mwaka jana."

Maneno ya muuguzi yule ndiyo yaliyotufanya tuandike.

Habari yenyewe ni ya damu

Uume hauna mfupa, wala hauna msuli wa kuunyanyua kama mkono. Kinachousimamisha ni damu. Mtu anapopata hamu, ubongo hutuma habari kwa njia ya mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo, pamoja na kuta za mishipa ya damu, hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi, nayo huzilegeza kuta hizo. Mishipa hupanuka, damu huingia kwa wingi, na njia ya kutokea hubanwa. Kazi ya gesi hiyo katika mishipa ya damu ndiyo iliyowapa wataalamu watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, tuzo ya Nobel ya mwaka 1998.

Sasa tutazame vipimo, kwani sisi ni watu wa mitambo na mabomba tunayajua. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa kama milimita 1 hadi 2. Ile inayolisha moyo ina kama 3 hadi 4. Mafuta yakianza kuganda ukutani, au kuta zikikakamaa kwa presha, sukari na moshi wa sigara, ni bomba gani litaziba kwanza? Lile jembamba. Kwa sababu hiyo madaktari wa moyo wanasema kwamba kwa wanaume wengi udhaifu wa kitandani hutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka 2 hadi 5. Mwenye kisukari ndiye aliye hatarini zaidi: karibu nusu ya wanaume wenye ugonjwa huo hupatwa na udhaifu huu.

Hatusemi kwamba kila udhaifu ni moyo. Uko unaotokana na wasiwasi, madeni, ugomvi wa nyumbani, msiba, au uchovu tu. Dalili moja husaidia kutenganisha. Mwanaume ambaye bado huamka alfajiri akiwa amesimama, lakini akawa hawezi usiku, aghalabu mabomba yake ni mazima na shida iko kwenye mawazo au uchovu. Aliyepoteza hata ile ya alfajiri, na ikaendelea hivyo kwa miezi, asikae: akapimwe presha na sukari.

Wala mtu asidhani kwamba yuko peke yake, au kwamba amerogwa. Huko Massachusetts, Marekani, wanaume wa miaka 40 hadi 70 waliulizwa mmoja mmoja kati ya mwaka 1987 na 1989. Katika kila 100, 52 walikuwa na upungufu wa namna fulani, mdogo au mkubwa. Hao ni watu wa nchi yenye hospitali kila mtaa.

Kutoka mlimani kuja mjini

Wengi wetu hatukuzaliwa mjini. Tulishuka kutoka Muramvya, Kayanza, Bururi na kwingineko, tukiwa na miguu iliyozoea kupanda na tumbo lililozoea maharage. Jambo linaloupata mwili wa mtu anayehama hivyo si la kubahatisha. Limepimwa hapa hapa kwetu Afrika ya Mashariki.

Watafiti waliwafuata watu wa kabila la Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi kutafuta kazi, wakawalinganisha na ndugu zao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Presha ya waliohama ilianza kupanda katika miezi ile ile ya kwanza. Mkojo wao ulionyesha kwamba walikuwa wakila chumvi zaidi kuliko kijijini, na kwamba madini ya potasiamu, ambayo hupatikana katika maharage, ndizi na mboga za majani, yamepungua. Watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni sufuria.

Kabla ya hapo, daktari Mwingereza Hugh Trowell alikuwa amefanya kazi Kenya na Uganda kwa kiasi cha miaka 30. Mwaka 1956, pamoja na mwenzake, aliandika habari ya Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, na habari hiyo ilichapishwa katika jarida la madaktari la Afrika ya Mashariki kama jambo la ajabu, kwa vile ugonjwa huo ulikuwa haujulikani kwa Waafrika wa huku. Baadaye, katika miaka ya 1970, Trowell na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, waliwaeleza Wazungu wenzao kwamba chakula cha nafaka isiyokobolewa, kunde na majani kina makapi yanayolinda mwili, na kwamba wao Wazungu walikuwa wameyatupa.

Tusijidanganye kwamba babu zetu walikuwa na afya kamili. Malaria, kuhara na kifua kikuu viliwachukua wengi kabla hata moyo haujapata nafasi ya kuugua. Lakini chakula chao, kilipokuwapo, kilikuwa kizuri kwa mishipa ya damu. Sisi tumekiacha tukidhani tunaendelea.

Sahani ya mfanyakazi

Tukitazama sahani ya mjini, tunaona nini? Chipsi zilizokaangwa katika mafuta yaliyokaanga jana na juzi. Mkate mweupe na chai yenye sukari vijiko vinne. Brosheti za mbuzi na chumvi pembeni. Kibonge cha kukolezea mchuzi, na juu yake chumvi nyingine, kama kwamba kibonge hakina. Kumbe karibu nusu ya uzito wa kibonge, au zaidi, ni chumvi tupu. Shirika la Afya la Dunia linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa mno. Mpishi mwenye vibonge viwili na mkono mwepesi amekwisha kulivuka kipimo hicho mchana.

Sahani inayofaa hatuhitaji kuiagiza Ulaya. Maharage. Lengalenga. Sombe. Ndagala wa ziwani, ambaye analiwa na mifupa yake. Mukeke akipatikana, achomwe badala ya kuzamishwa katika mafuta. Avoka, papai, ndizi mbivu, karanga kidogo. Bugali uwepo, lakini usiwe mlima na mboga ikawa mchirizi tu pembeni. Tena mboga za majani kama lengalenga zina kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa ile ile naitriki oksaidi tuliyoitaja. Mwenye mkoba wa chupa pale Ruvumera anakuuzia ahadi. Mama wa lengalenga, hatua chache kutoka pale, anauza kitu chenyewe, naye hapigi kelele.

Juu ya mawese tutasema neno, maana wenzetu wa Rumonge wasije wakatuona tunaharibu kazi yao. Mawese mekundu yana vitamini A, na hilo ni jema kwa macho, hasa ya watoto. Lakini karibu nusu yake ni mafuta ya aina ile inayoganda, kwa hiyo kijiko kinatosha. Na mafuta yoyote yakirudiwa kukaangia mpaka yawe meusi, yamwagwe.

Huko Italia, madaktari wa mjini Napoli waliwachukua wanaume 110 wanene waliokuwa na udhaifu huu. Nusu yao walifundishwa kwa miaka 2 namna ya kupunguza uzito kwa chakula na kwa kutembea. Nusu nyingine walipewa maneno ya jumla tu. Matokeo yalitolewa mwaka 2004: katika kundi la kwanza la watu 55, 17 walirudiwa na nguvu zao za kawaida, katika la pili, 3 tu. Hawakupewa kidonge wala mzizi. Sababu mojawapo ni kwamba mafuta ya tumboni si mzigo tu. Yanaigeuza homoni ya kiume, testosteroni, kuwa homoni ya kike. Kitambi tunachokiita cha heshima kinakula heshima ya mwenyewe.

Na yule mwenye njaa?

Hapa wenzetu wa mashamba watatukatiza. Mchumaji wa chai kule Teza au Rwegura, mkata mikindu ya mawese Rumonge, mkulima wa mpunga Gihanga, mkata miwa kule Moso, watasema: "Ninyi wa mjini mnazungumza vitambi. Sisi tunashinda na mlo mmoja." Wana haki, na shauri lao si lile la mwenye kitambi.

Njaa nayo huua hamu. Mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya walikubali kulishwa chakula pungufu kwa miezi 6, huku wakitembea na kufanya kazi, ili madaktari wajue namna ya kuwasaidia watu wenye njaa baada ya vita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Wakawa wanaota chakula usiku, wakisoma vitabu vya upishi, na hamu ya mwanamke ikawatoka kabisa. Walipolishwa tena, ilirudi polepole. Mwili una akili: ukiona hauna akiba ya kuishi wenyewe, haufikirii kuzaa.

Kwa hiyo mtu wa shamba asiambiwe akimbie asubuhi. Aambiwe ale kabla ya kazi, hata kama ni viazi vitamu vya jana na maharage, anywe maji, na apumzike kivulini. Na anayestahili kuambiwa zaidi ni mwajiri. Mlo wa mchana wa maharage kwenye shamba si sadaka. Ni sehemu ya kazi, kama panga na kapu. Tumelisema mezani na tutalisema tena.

Chupa nyingine

Si chupa ya Ruvumera tu inayopaswa kutajwa. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72, yenye alkoholi 5 kwa 100, ina karibu gramu 28 za alkoholi tupu. Madaktari huhesabu kinywaji kimoja kuwa gramu 10. Basi anayesema "nimekunywa mbili tu" amekunywa karibu vinywaji sita. Pombe hulegeza aibu na kuzidisha maneno, lakini inazilegeza fahamu pia, na kwa miaka mingi huishusha testosteroni na kuliharibu ini. Urwarwa na impeke vya nyumbani navyo ni pombe, hata kama vimetengenezwa na mama mkwe. Kanyanga hatuna haja ya kuieleza. Kila mtaa una kaburi lake. Mwezi wa Januari 2023 Shirika la Afya la Dunia lilitamka kwamba hakuna kipimo cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Hatuwaamrishi watu, tunajua harusi zetu. Ila mtu asinywe ya tatu ili apate nguvu za kiume, maana hiyo ya tatu ndiyo inayoziondoa.

Sigara tutaimaliza kwa sentensi moja: hukakamaza mishipa, kuanzia ile myembamba.

Mguu

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa London alichapisha habari ambayo kila chama cha wafanyakazi kingefaa kuijua. Aliwalinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa na makondakta wao. Nyumba zao zilikuwa za aina moja, mishahara yao ilikaribiana, na hewa waliyovuta ni moja. Dereva alikaa siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka mamia ya vidato vya ngazi za basi kwa siku. Makondakta waliugua moyo kwa uchache zaidi, na waliougua hawakufa mapema kama madereva. Hapo ndipo ilipoanza elimu yote ya mazoezi tunayoisikia leo: katika basi, kwa watu wa kazi.

Lakini tujihadhari, kwa sababu bosi anaweza kusema: "Basi wewe unabeba magunia, umekwisha kufanya mazoezi." La hasha. Mwaka 2021 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya watu zaidi ya 100,000 wa Copenhagen. Waliofanya mazoezi katika muda wao wenyewe walipungukiwa na magonjwa ya moyo. Waliofanya kazi nzito za mwili kazini, magonjwa yaliongezeka. Kubeba mzigo saa nane bila kupumzika huipandisha presha na kuiacha huko huko juu. Zoezi ni mwendo unaoupandisha moyo kwa muda, kisha unauachia upumzike. Anayebeba magunia bandarini anahitaji mapumziko. Anayekaa mbele ya mashine, mlangoni kama mlinzi, au nyuma ya usukani, anahitaji miguu.

Kiasi gani? Wataalamu waliochunguza udhaifu wa kiume wanataja kutembea kwa haraka au kukimbia dakika 40, mara 4 kwa juma, kwa miezi 6. Ni dakika 160. Kutembea kutoka Kamenge hadi mtaa wa viwanda, ukienda kwa haraka kiasi cha kutokwa jasho, kunatosha kuanzia. Katika miaka hii ya karibuni ya uhaba wa mafuta ya gari wengi wetu tumetembea kwa kulazimishwa, tukilaani kila hatua. Ghadhabu ilikuwa halali. Miguu, hata hivyo, ilipata faida yake kimya kimya.

Na mji huu hauhitaji kufundishwa kukimbia. Nani asiyezijua mbio za makundi za asubuhi ya Jumapili, watu wakipanda kuelekea Kiriri kwa nyimbo na vishindo, wazee nyuma, vijana mbele? Mwezi wa Machi 2014 wakuu wa mji walipoweka masharti kwa mbio hizo, habari ilifika hadi redio za Ulaya, na huko watu walishangaa kusikia kwamba kukimbia kunaweza kuwa jambo kubwa namna hiyo. Hapa hakuna aliyeshangaa. Sisi ni nchi ya Vénuste Niyongabo, aliyechukua dhahabu ya mita 5,000 huko Atlanta mwaka 1996. Mwenye miaka 45 asimfuate Niyongabo siku ya kwanza. Atembee majuma manne, ndipo akimbie. Na akibanwa kifua, asimame, akamwone daktari.

Liko zoezi jingine ambalo halina jasho wala viatu, na mtu anaweza kulifanya akiwa amesimama kwenye mashine yake bila bosi kujua. Kaza ile misuli ya chini unayoitumia kuzuia mkojo na upepo, hesabu hadi tano, legeza, rudia. Mtaalamu Grace Dorey wa Bristol, Uingereza, aliwafundisha wanaume 55 zoezi hilo. Matokeo yake ya mwaka 2005 yanaonyesha kwamba baada ya miezi 6 wanaume 40 katika kila 100 walirudiwa na nguvu zao, na wengine 35 walipata nafuu. Tulipolieleza jambo hili katika mkutano mmoja, ukumbi mzima ulinyamaza ghafla. Tukajua kila mtu anajaribu.

Usingizi na zamu

Huko Chicago vijana 10 wenye afya walilala saa 5 tu kwa usiku kwa muda wa juma moja. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa 10 hadi 15 kwa 100. Matokeo hayo ni ya mwaka 2011. Juma moja tu, tena vijana! Sasa mtazame mwenzetu wa zamu ya usiku anayerudi Kinama saa moja asubuhi, watoto wakilia, redio ya jirani ikivuma, na jua likipiga bati. Analala saa 4 au 5, tena mwaka mzima. Halafu anajilaumu kwamba si mwanaume. Hili si la mtu kujitibu peke yake. Ni la kujadiliwa na mwajiri. Zamu ya usiku izungushwe, asiachiwe mtu mmoja miezi mfululizo, na mwenye kisukari au presha asipangiwe.

Vidonge

Vipo vidonge vya kweli. Sildenafili, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998, huisaidia ile ile naitriki oksaidi, na daktari akiitoa hufaa wengi. Lakini ikikutana na dawa za nitreti, zile wanazopewa wenye maumivu ya kifua, presha inaweza kuanguka mpaka mtu akafa. Na hapo ndipo tunaporudi kwa mwenye mkoba. Maabara za serikali za nchi mbalimbali zimekuta mara nyingi kwamba "dawa za mitishamba" za nguvu za kiume zimechanganywa sildenafili kwa siri, bila kipimo. Hatuidharau mizizi ya wazee. Mukombero wa Kenya na mulondo wa Uganda watu wameutafuna tangu zamani. Tunachokikataa ni unga usiojulikana ndani ya chupa isiyo na jina. Kile kichwa cha fundi wetu kilikuwa na sababu.

Jambo moja zaidi, na wenye presha walishike. Baadhi ya dawa za presha zenyewe zinaweza kupunguza nguvu hizo. Wanaume huziacha kimya kimya, na mwaka haupiti kabla mmoja wao hajaanguka kwa kiharusi. Usiziache. Rudi ukamwambie daktari kwa maneno yale yale ya fundi: "Hayaendi." Ziko nyingine za kubadilisha.

Kusema ndiko kugumu, tunajua. Lakini mwaka 1977, katika kiwanda cha dawa za kilimo huko Lathrop, California, wafanyakazi wachache waligundua katika mazungumzo yao kwamba miaka inapita na hakuna kati yao anayepata mtoto. Kila mmoja alikuwa amelificha la kwake. Walipolitoa, chama chao kikadai wapimwe, na ikaonekana kwamba ile dawa ya kuua minyoo ya udongo iitwayo DBCP ndiyo iliyowaharibu. Kama kila mmoja angeendelea kununua chupa yake gizani, nani angejua?

Kwa upande wetu tunaomba mambo ambayo hayana gharama kubwa: kipimo cha presha kwenye kila kiwanda, siku moja kwa mwezi, na muuguzi anayejua kushusha sauti, maji safi ya kunywa karibu na mashine, na kantini inayopika maharage na majani, ikiiacha chumvi mezani kila mtu ajipimie.

Fundi wetu anaendelea kumeza dawa ya presha na ya sukari. Ameacha kibonge, bia amebakiza moja ya Jumamosi, na asubuhi anashuka kwa miguu kutoka Kamenge. Zamu za usiku za watu amezirudisha kwa wenyewe. Mwezi wa nane tangu siku ile ya muuguzi, tulipokutana naye getini, presha yake ilikuwa 135 kwa 85. Tukamwuliza, na lile jambo jingine je? Alicheka, akatuambia tumwulize mke wake. Hatukumwuliza.